Kwa Nini Timu Hufungwa Goli Moja Kila Mara? Somo la Uwezekano

Hakuna mpenzi wa mpira wa miguu asiyepata kuliona jambo hili. Timu yake inacheza vizuri, inafungwa goli moja kwa bila. Juma linalofuata inafungwa mawili kwa moja. Juma la tatu inalingana na wapinzani hadi dakika za mwisho, kisha inafungwa tena. Yakitokea hayo, maelezo hayakosekani. Wapo wasemao kwamba wachezaji hawana moyo. Wengine humlaumu mwalimu wa timu kwa kuchelewa kubadilisha wachezaji. Na wengine, kwa sauti ya chini, husema kwamba wapinzani walifukia kitu golini. Maelezo yote hayo yanadai jambo moja, nalo ni kwamba mfululizo wa kufungwa lazima uwe na mkosaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hisabati ya uwezekano, ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari, inavyoweza kutusaidia kujua ni wakati gani mkosaji yupo kweli, na ni wakati gani tunamtafuta mtu asiyekuwapo.

Jambo hili si la mzaha. Shule niliyosoma katika miaka ya 1990 ilikuwa na mlinda mlango hodari, kijana wa kidato cha tatu. Msimu mmoja timu yetu ilianza kwa kushinda mechi mbili, ya kwanza kwa 4–0 na ya pili kwa 3–0. Kisha ikafungwa mechi tano mfululizo, zote kwa tofauti ya goli moja. Baada ya ile ya tano, kijana yule aliitwa mbele ya mstari wa asubuhi, akaambiwa kwamba ameiuza shule, akavuliwa jezi hadharani. Akawekwa mlinda mlango mwingine. Mechi mbili zilizofuata tulishinda, zote kwa goli moja, na shule nzima, nami nikiwamo, tukaona kwamba ushahidi umekamilika. Kijana yule hakucheza tena. Ilinichukua miaka mingi, na safari ya masomo ng'ambo, kutambua kwamba ushahidi ule haukuthibitisha kitu chochote.

Uhaba wa magoli

Katika mpira wa miguu magoli ni haba. Katika fainali za Kombe la Dunia zilizofanyika Qatar mwaka 2022, yalifungwa magoli 172 katika mechi 64, yaani wastani wa magoli 2.7 hivi kwa mechi moja. Mwaka 2018, huko Urusi, yalikuwa 169 katika mechi 64. Kwa hiyo, katika dakika 90 za jasho la watu 22, ni matukio mawili au matatu tu yanayoingia katika hesabu. Katika mpira wa kikapu timu bora hupata nafasi nyingi za kufidia bahati mbaya, kwa kuwa vikapu ni vingi. Katika mpira wa miguu, shuti moja likigonga mtambaapanya na kurudi uwanjani badala ya kuingia wavuni, habari ya mechi nzima imekwisha kubadilika.

Wakati wa masomo yangu ya udaktari huko Uingereza nilikutana na kazi ya Charles Reep, mhasibu katika Jeshi la Anga la nchi hiyo, ambaye kuanzia mwaka 1950 alikuwa akienda uwanjani na daftari na kuandika kila pasi na kila shuti. Mwaka 1968 yeye na mtaalamu wa takwimu Bernard Benjamin walichapisha makala kuhusu ustadi na bahati katika mpira wa miguu. Waliona kwamba goli moja hupatikana katika mashuti kumi hivi, na kwamba sehemu kubwa ya yale yanayotokea uwanjani hufuata kanuni za bahati. (Reep alikuwa mkusanyaji mzuri wa tarakimu kuliko alivyokuwa mfasiri wake. Alipoona kwamba magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu, alihimiza timu zipige mipira mirefu; akasahau kwamba mashambulizi mengi ya aina yoyote, yenye goli na yasiyo na goli, huishia katika pasi tatu au pungufu. Mwalimu anaweza kulitumia kosa hili kwa kipindi kizima.)

Matukio ya nadra yana kanuni yake. Ilichapishwa mwaka 1837 na mwanahisabati Mfaransa, Siméon Denis Poisson. Ikiwa tukio hutokea kwa wastani wa mara m katika kipindi fulani, basi uwezekano wa kutokea mara k ni

m^k × e^(–m) ÷ k!

ambapo e ni 2.718 hivi, na k! ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi k. Mfano mashuhuri wa kanuni hii ulitolewa mwaka 1898 na Ladislaus von Bortkiewicz, aliyechunguza askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Alikuwa na taarifa za vikosi 10 kwa miaka 20, yaani taarifa 200, zenye vifo 122. Wastani ni 0.61. Taarifa 109 hazikuwa na kifo hata kimoja, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na moja ilikuwa na vifo vinne. Kanuni ya Poisson inatabiri 109, 66, 20, 4 na 1. Fikiri sasa juu ya ofisa wa kile kikosi kilichopoteza watu wanne kwa mwaka mmoja. Bila shaka alitakiwa kujieleza. Lakini katika taarifa 200, kupatikana kwa mwaka mbaya kama ule lilikuwa jambo la kutazamiwa, hata kama farasi wake hawakuwa wakali kuliko wengine.

Magoli nayo huifuata kanuni hii kwa ukaribu wa kutosha. Tuseme basi kwamba timu A ni bora kuliko timu B: A hutazamiwa kufunga magoli 1.5 kwa mechi, na B magoli 1.1. Tukitafuta uwezekano wa kila matokeo kwa kuzidisha (0–0, 1–0, 0–1, na kuendelea) kisha tukajumlisha, tunapata kwamba A itashinda katika mechi 46 kwa kila 100, zitakwenda sare 26, na A itafungwa katika 28. Timu bora, isiyo na kosa lolote, hufungwa zaidi ya mara moja katika kila mechi nne.

Lakini jibu linalotuhusu hasa ni lile la mechi zinazoamuliwa kwa goli moja. Mechi za namna hiyo ni 40 kati ya 100, na katika hizo A hushinda asilimia 58 tu. Zile zinazoamuliwa kwa magoli mawili au zaidi, A hushinda asilimia 68. Msomaji auangalie vizuri utofauti huu, kwa kuwa ndio kiini cha makala haya. Timu zile zile na ustadi ule ule. Lakini kadiri matokeo yanavyokaribiana, ndivyo ustadi unavyoonekana kidogo na bahati inavyoonekana zaidi. Tunapochagua kuzitazama mechi za goli moja peke yake, tumekwisha kuchagua mechi ambazo ndani yake ubora wa timu umefichika. Kumpima mlinda mlango kwa mechi hizo ni kama kumpima mwanafunzi kwa swali moja la kuchagua jibu kati ya mawili.

Sarafu ya shilingi 200

Kwa kuwa asilimia 58 si mbali na 50, hebu tuichukulie mechi ya goli moja kuwa ni kutupa sarafu. Sarafu yetu ya shilingi 200 inafaa: upande mmoja una kichwa, na upande wa pili una simba. Tuseme kichwa ni kushinda na simba ni kufungwa (wapenzi wa timu ya Msimbazi wanisamehe). Uwezekano wa kufungwa mara tano kwa mara tano ni 1/2 × 1/2 × 1/2 × 1/2 × 1/2, yaani 1/32. Ni asilimia 3 hivi. Mtu atasema: "Unaona? Haiwezekani kuwa ni bahati."

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Hiyo 1/32 ni ya timu moja iliyotajwa kabla msimu haujaanza. Sisi hatukuitaja timu kabla. Tuliingojea mikosi itokee, ndipo tukainyooshea kidole. Katika ligi ya timu 16, ambamo kila timu ina mechi tano za goli moja, uwezekano kwamba walau timu moja itafungwa zote tano ni karibu 1 – (31/32)^16, ambayo ni 0.40. (Nasema "karibu" kwa sababu timu hizo hucheza zenyewe kwa zenyewe, na mmoja akishindwa mwenziwe ameshinda, lakini kosa ni dogo.) Maana yake ni kwamba katika kila misimu mitano, misimu miwili hivi itakuwa na timu yenye nuksi kamili, hata kama hakuna nuksi duniani. Na ukizihesabu ligi za wilaya, za mikoa, za shule na za vyuo, utaona kwamba kila mwaka nchini lazima ziwepo timu nyingi za namna hiyo, kila moja na mkosaji wake.

Walimu wanaweza kulifanya jaribio hili darasani bila gharama. Ligawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza litupe sarafu mara 200 na kuandika matokeo kwa kufuatana. Kundi la pili lisitupe sarafu bali libuni kichwani matokeo 200 yanayofanana na ya sarafu. Mwalimu atoke nje wakati wa kazi hiyo, kisha arudi na kuzitazama karatasi mbili zisizo na majina. Mara nyingi ataijua ya sarafu papo hapo: ndiyo yenye mfululizo wa sita, saba, au hata wanane wa upande mmoja. Wanaobuni huogopa mifululizo. Wakiandika simba mara nne huona aibu, huweka kichwa. Nimelifanya jaribio hili na wanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi, na bado hushangaa.

Habari za penalti

Mechi iliyo sawa kuliko zote ni ile iliyokwisha kwa sare na kupelekwa kwenye mikwaju ya penalti. Wapenzi wa soka wa Tanzania wana kumbukumbu chungu hapa. Mwaka 2022, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba iliifunga Orlando Pirates 1–0 Dar es Salaam, ikafungwa 1–0 Afrika Kusini, ikatolewa kwa penalti 4–3. Mwaka 2023, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, iliifunga Wydad 1–0 Dar es Salaam, ikafungwa 1–0 Casablanca, ikatolewa kwa penalti 4–3. Tarakimu zile zile! Mwaka 2024 ikawa zamu ya Yanga: suluhu mbili na Mamelodi Sundowns, kisha kutolewa kwa penalti 3–2. Miaka mitatu, robo fainali tatu, penalti tatu. Niliwasikia watu wazima wakisema kwamba Mtanzania hana moyo wa penalti. Lakini uwezekano wa sarafu kuanguka simba mara tatu mfululizo ni 1/8, jambo ambalo mwanafunzi yeyote ataliona kabla kengele ya mapumziko haijalia. Tena mikwaju hiyo yote ilipigwa katika viwanja vya wenyeji, mbele ya watazamaji wao. Kama tunataka sababu, tungeanza na hiyo kabla ya kuifikia mioyo ya watu.

Linganisha na Kodivaa, nchi ya Abidjan. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika ilifika fainali za 1992, 2006, 2012 na 2015, na zote nne zilikwisha 0–0 baada ya dakika 120. Ya kwanza, mjini Dakar, iliishinda Ghana kwa penalti 11–10. Ya pili, mjini Cairo, ilishindwa na Misri 4–2. Ya tatu, mjini Libreville, ilishindwa na Zambia 8–7. Ya nne, mjini Bata, iliishinda Ghana tena, 9–8. Mwaka 2012 wachezaji wale walisemwa kuwa kizazi kilicholaaniwa. Mwaka 2015 baadhi yao wale wale wakawa mashujaa. Mbili na mbili ndiyo matokeo yenye uwezekano mkubwa kuliko mengine yote katika kutupa sarafu mara nne.

Uingereza ndiyo iliyosemwa zaidi. Kuanzia Kombe la Dunia la 1990 hadi Kombe la Ulaya la 2012, ilifikia penalti mara saba katika mashindano hayo mawili, ikashinda mara moja tu, dhidi ya Hispania mwaka 1996. Uwezekano wa kushinda mara moja au kutoshinda kabisa katika mara saba ni 8/128, yaani 1/16. Ni nadra, lakini duniani kuna timu za taifa nyingi. Kisha ikaishinda Kolombia mwaka 2018, ikashindwa na Italia mwaka 2021, ikaishinda Uswisi mwaka 2024. Kocha wa Waingereza katika mechi hizo tatu, Gareth Southgate, ndiye aliyekosa penalti dhidi ya Ujerumani mwaka 1996, na inajulikana kwamba aliwafanyisha vijana wake mazoezi mengi ya mikwaju. Je, mazoezi yalisaidia? Yaelekea. Lakini mechi tatu hazitoshi kuthibitisha, kama vile saba hazikutosha kuthibitisha laana.

Kurejea kwenye wastani

Narudi sasa kwenye ushahidi uliotushawishi shuleni: tulimwondoa mlinda mlango, tukashinda. Mwaka 1886 Francis Galton, Mwingereza, alionyesha kwamba wazazi warefu mno huwa na watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Na wazazi wafupi mno huwa na watoto wasio wafupi kama wao. Jambo lolote lililofika ukingoni kwa msaada wa bahati, likipimwa tena, huelekea kurudi katikati. Si kwamba bahati ina deni la kulipa. Sarafu haikumbuki kitu. Ni kwamba ile bahati ya ajabu iliyolifikisha ukingoni haitazamiwi kutokea mara ya pili.

Timu hufukuza kocha wakati gani? Wakati imefika chini kabisa. Kwa hiyo mechi zinazofuata, awepo kocha mpya au asiwepo, kwa kawaida zitakuwa afadhali, na mgeni atapewa sifa. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, alisimulia jinsi wakufunzi wa marubani nchini Israeli walivyomwambia kwamba kukemea hufaa kuliko kusifu: rubani aliyesifiwa kwa kuruka vizuri, mara ya pili huruka vibaya zaidi; aliyekaripiwa kwa kuruka vibaya, mara ya pili hufanya vyema. Waliyoyaona yalikuwa kweli. Walichokosea ni sababu, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanarejea kwenye wastani wao wenyewe. Naomba walimu wenzangu waifikirie habari hii kila wanapoona kwamba fimbo imefanya kazi.

Na mlinda mlango wetu? Baada ya mechi zile saba alikuwa amefungwa magoli saba. Goli moja kwa mechi, sifa ambayo timu yoyote ingeifurahia. Timu yetu ilikuwa imefunga tisa na kufungwa saba, yaani ilikuwa bora kidogo kuliko wapinzani wake. Tarakimu hizo zilikuwa ukutani, katika ubao wa matangazo, siku ile alipovuliwa jezi. Hakuna aliyezijumlisha.

Je, yote ni bahati?

La hasha. Timu inaweza kuchoka kipindi cha pili kwa sababu wachezaji hawakula vizuri, au kwa sababu mwalimu hana wachezaji wa akiba. Inaweza kuwa na desturi ya kurudi nyuma ikishapata goli. Sababu kama hizo zipo, nazo zinajulikana kwa alama moja: hazipotei. Igawe rekodi ya timu katika nusu mbili za msimu. Kama timu hufungwa mechi za goli moja kwa sababu ya udhaifu wake, nusu ya pili itafanana na ya kwanza. Kama ilikuwa bahati, nusu ya kwanza haitakuambia kitu juu ya ya pili.

Shida ni uchache wa mechi. Katika kutupa sarafu mara n, mchepuko wa kawaida ni nusu ya kipeuo cha pili cha n. Kwa mechi 5 ni 1.1, kiasi kwamba kushinda moja au nne hakushangazi. Kwa mechi 100 ni 5, na hapo timu iliyoshinda 35 tu ina jambo la kueleza. Timu ya shule haitapata mechi 100 za goli moja. Lakini inaweza kupata mashuti 100 katika mwezi mmoja au miwili, na ndiyo maana daftari la Reep lina thamani kuliko ubao wa magoli. Mwanafunzi mmoja akae kando ya uwanja na kuandika: mashuti yetu, mashuti yao, dakika, na umbali. Kama mashuti yao huongezeka maradufu baada ya dakika ya 70, tatizo ni pumzi, na linatibika kwa mazoezi. Kama tunapiga mengi kuliko wao na bado tunafungwa, basi timu isiguswe.

Zoezi kwa wanafunzi

Timu ina mechi tano za goli moja, na uwezekano wa kushinda kila moja ni 1/2. Tafuta uwezekano wa kufungwa walau nne. Kisha chukua timu C inayotazamiwa kufunga magoli 2.0 kwa mechi, na timu D inayotazamiwa kufunga 0.5. Kwa kanuni ya Poisson, tafuta uwezekano wa mechi kwisha 0–0, na uwezekano wa D, iliyo dhaifu mara nne, kushinda 1–0. Majibu ni 3/16, 0.082 na 0.041.